Trauti Mmoja wa Baba Rehema

Kila nikikutana na mmoja wenu swali ni lile lile: ilikuwaje huko baridini, na samaki yuko wapi? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mmoja akaenda kutia chumvi yake. Juzi shoga yangu mmoja kaniambia amesikia nilizama mtoni nikaopolewa na wachunga ng'ombe. Basi naandika yote mara moja, mpokezane. Habari za tiketi na vibali nimeziruka, hazina utamu. Na hii yenyewe haina utamu mwingi.

Kwa wasiomjua, Baba Rehema ni mume wangu. Jina lake Idrisa, ila kwao Makete bado wanamwita Edga, jina alilokuwa nalo kabla ya kusilimu na kunioa. Kabla hajaja Dar kuwa karani wa ghala, ujana wake wote aliumalizia kwenye kijito kimoja huko juu, akiwaongoza wageni waliokuja kuvua trauti. Trauti ni samaki wa maji ya baridi kali, huku pwani hawezi kuishi hata kwa dawa. Wengine humvua kwa mnyoo. Baba Rehema anasema huko ni kumtukana samaki. Yeye humvua kwa mdudu wa bandia, aliyefungwa kwa uzi na manyoya ya mnyama kwenye ndoana ndogo kuliko punje ya mchele.

Mdudu wake anamwita kichomozi. Maana yake ni hii: mdudu wa kweli huishi chini ya maji mpaka siku yake ifike, kisha hupanda juu, akaipasua ngozi yake palepale kwenye uso wa maji, akachomoa mbawa na kuruka. Katikati ya kazi hiyo, akiwa nusu ndani nusu nje, hawezi kuogelea wala kuruka, na hapo ndipo trauti humla. Kwa hiyo kichomozi wa manyoya naye lazima akae vivyo hivyo, tumbo limezama, mgongo umeshika uso wa maji. Miaka yote ya ndoa yetu nimesikia habari hizo barazani kwetu Mwananyamala, yeye akifunga wadudu wake, mie nikishona nguo za watu. Vidole vya fundi cherehani havikai bure, na mimi nikajua kufunga bila kukusudia.

Mwaka jana akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, ulimi ukawa mzito. Mnajua desturi yetu, mgonjwa haambiwi ukweli. Kila aliyeingia alisema, "Leo una nuru, Baba Rehema, umepata nafuu kabisa." Nyie mlisema, na mie nilisema kuliko nyie. Mwenyewe si mjinga. Alituacha tuseme, na taratibu akaacha kumwamini kila mtu.

Kisha mgeni mmoja kutoka kwao akaropoka kwamba kijito kimekufa, kwamba dawa za mashamba ya viazi zimeshuka na mvua na trauti wamekwisha. Ndugu yake Yohana akapiga simu kukanusha: wapo, kaka, wapo tele. Baba Rehema akairudisha simu kwa mkono wa kushoto.

"Ananifariji," akasema.

Tangu siku hiyo chakula kikawa kinarudi jikoni kama kilivyokwenda. Nikimuuliza unataka nini, hajibu. Asubuhi moja akajibu.

"Nenda wewe. Niletee mmoja. Hata mkavu. Nimshike."

Hakuwa anataka kitoweo. Alitaka kitu kimoja hapa duniani ambacho hakikusemwa ili kumpoza. Nikamwachia binti yetu Rehema kazi ya kumwangalia baba yake, nikafunga mizigo.

Mwananyamala hadi Mbezi

Vichomozi nilifunga mwenyewe, yeye akinielekeza kwa macho. Manyoya yalikuwa ya sungura, nilipewa na mfugaji mmoja wa Ukonga. Yale mafupi ya chini, laini, unayasokota kwenye uzi mpaka yawe kama utambi mwembamba, kisha unauzungusha kwenye ndoana. Yale marefu unayaacha yamesimama mgongoni, ndiyo mbawa zinazotaka kufunguka.

"Mafuta mgongoni tu," aliniambia. "Tone."

Sasa mie mtoto wa pwani. Kwetu mafuta ya nazi hayana kiasi: nywele, ngozi, mtoto mchanga, bawaba ya mlango. Yeye alipopitiwa na usingizi nikaona bora niwakinge na nondo na unyevu wa safari. Nikawachovya wote, nikawatia kwenye kichupa cha dawa pamoja na mafuta yao. Nikajaribu mmoja kwenye beseni la maji, akaelea vizuri mno. Nikajipongeza.

Stendi ya Mbezi nilifika kabla ya adhana ya alfajiri, nikakaa sana. Basi letu lilikuwa "linakuja", na likaendelea kuja mpaka jua likawa kali. Nilikula mihogo ya kukaanga iliyopoa, nikanunua maji, nikajuta kuyanywa. Rehema akapiga simu kusema baba yake amekunywa uji vijiko vitatu. Sikujua kama na yeye ananifariji.

Mbezi hadi Kitonga

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama mnene wa makamo, mfanyabiashara wa viazi anayerudi Njombe. Alikuwa mwema, alinigawia ndizi na maneno bila choyo. Mpaka Mikumi nilikuwa namjua mume wake, mahari ya binti yake, na mchungaji aliyewakosea. Mie sikumwambia kitu. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani akianza kusema hujui ataishia wapi.

Katika mlima wa Kitonga basi likazima. Dereva akashuka, utingo akashuka, abiria wote tukashuka tukakaa kwenye kingo za barabara, huku malori yakipanda kwa kukoroma na korongo liko chini yetu. Nikafungua pochi kutafuta leso. Kichupa kikaanguka, kikabingirika mpaka miguuni kwa yule mama wa viazi. Akakiokota, akakiinua kwenye mwanga. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mama, hiki nini?"

Mkikumbuka kilichokuwemo mtamwelewa: manyoya, nyuzi, vijichuma vyenye ncha, vyote vinaogelea kwenye mafuta.

"Vya kuvulia samaki," nikasema.

"Samaki gani anakula nywele?"

Watu wakasogea. Utingo akaja, kijana wa kofia ya sufu, akakitazama bila kukigusa.

"Mama, shikamoo. Naomba tuelewane. Gari limezima, na wewe una manyoya kwenye chupa. Huoni kuna ishu hapo?"

"Gari lenu lilianza kuchelewa Mbezi, mwanangu, na chupa nilikuwa bado sijaifungua."

Wachache walicheka. Wengi hawakucheka. Mzee mmoja alishauri kitupwe korongoni, na mama mwenye mtoto mgongoni akahama upande wa pili wa barabara. Nikaona safari yangu yote inataka kuishia kwenye lile korongo, na sikuwa na la kufanya ila kusema. Nikawaambia habari za Baba Rehema, mkono, uji na samaki. Nilianza kwa hasira nikamaliza kwa kulia, mbele ya watu nisiowajua, malori yanapita.

Yule mama wa viazi akakifuta kichupa kwa kanga yake, akanirudishia.

"Nisamehe, dada yangu. Siku hizi hatujui nani kabeba nini." Kisha akauliza, "Kwa hiyo unaenda Makete na hicho kinguo?"

Basi lilipopona, alifungua furushi lake akanivisha sweta la mumewe. Lilinuka moshi na udongo. Sikulivua mpaka niliporudi Dar.

Njombe hadi Makete

Njombe tulifika giza limekwishaingia, nikalala gesti. Niliamka sina vidole. Dada wa mapokezi aliniletea chai na viazi vya kuchemsha, akanicheka waziwazi.

"Hii bado, mama. Njoo mwezi wa saba uone barafu kwenye majani."

Nje ya gesti mzee mmoja alikuwa akiuza kinywaji cheupe kwenye madumu. Nikadhani ni maziwa ya mgando, nikaomba bilauri. Aliutazama mtandio wangu, akaniuliza kwa adabu kama naujua ulanzi. Ni pombe ya mianzi, akaniambia, ya leo asubuhi ni tamu, ya jioni inakulaza. Nikamshukuru kwa kunisitiri nikarudi kwenye chai.

Njia ya kwenda Makete ni ya kupanda tu. Mvua za masika zilikuwa hazijaisha na ukungu ulikuwa umelala barabarani. Gari lilikwama kwenye matope mara kwa mara, sote tukashuka kusukuma. Kwenye milima yote niliyoiona kulikuwa na viazi, mpaka kwenye mabonde, mpaka ukingoni mwa maji, na wanaume wenye mabomba ya dawa mgongoni wakipuliza. Moyo ukaingia baridi kuliko miguu. Nikasema yule mgeni hakuropoka, alisema kweli.

Kijijini niliuliza kwa ndugu yake Idrisa. Hakuna Idrisa hapa, wakaniambia. Nikazunguka na mzigo wangu nikinyeshewa, nyumba hadi nyumba, mpaka akili ikanirudi nikauliza kwa ndugu yake Edga.

"Ah, Edga wa samaki!" wakasema wote kwa pamoja, wakanisindikiza.

Nyumbani kwa Yohana

Shemeji Yohana ni Baba Rehema mwenyewe, ila mzima. Ana sauti ile ile, kikohozi kile kile, na mikono miwili inayofanya kazi. Alipotoka mlangoni kunipokea mzigo ilinibidi nigeuke pembeni kwanza.

Mkewe, Tumaini, alinikalisha jikoni kwenye moto. Miguuni petu vilikuwa vikipitapita vinyama vya manyoya, vinene, havina mkia, vinalia kama vifaranga. Nikapandisha miguu juu ya kigoda.

"Panya wenu hawaogopi watu?"

"Panya wapi, shemeji! Hao simbilisi. Wanatusafishia maganda jikoni, na ni mboga." Akaniangalia, akacheka. "Usiogope, wewe hatukupi."

Walitaka kunichinjia kuku, na wao ni Wakristo, wakaona si adabu kumchinja wenyewe. Yohana akaenda kumtafuta muuza duka mmoja Mwislamu, kijiji cha pili, aje kuchinja. Huyo muuza duka alikuwa amekwenda kwenye msiba, akasubiriwa. Kuku tulimla watoto wamekwisha kula maharage wakalala. Nilitaka kuwaambia mie maharage yangenitosha, ila wema wa namna hiyo ukiukatisha unaharibu.

Nikamuuliza Yohana jambo lililonileta: samaki wapo?

"Wapo, shemeji," akasema upesi. Kisha akatazama moto. "Zamani ungeona wengi. Siku hizi... mimi mwenyewe sijamwona muda mrefu. Ila wapo."

Kumbe kweli alikuwa anamfariji.

Kijitoni

Kijito chenyewe ni chembamba, mahali pengine ungekiruka, cheusi na baridi ya kuuma mifupa. Yohana alinipa fimbo ya kuvulia ya kaka yake, ya mwanzi, iliyokuwa ikining'inia darini. Siku zile za mwanzo mvua ilitulia, anga likawa zito bila kunyesha, na wadudu walichomoza. Niliwaona kwa macho yangu, wadogo wa kijivu, wamekaa kwenye uso wa maji wakihangaika na ngozi zao. Baba Rehema angesema hiyo ndiyo siku.

Nilirusha, nikarusha. Mara moja nikaona kitu kinapanda kutoka chini, kivuli tu, kikamsogelea kichomozi wangu, kikasimama, kikarudi. Kivuli chaweza kuwa jani. Nikarusha mpaka bega likafa ganzi. Kesho yake hivyo hivyo. Nilirudi jikoni nikiwa na hakika moja, kwamba mume wangu atakufa kwa kutoamini na mie ndiye nitakayempelekea sababu.

Tumaini alikichukua kichupa changu kutoka kwenye pochi, akakigeuza juu chini. Hakikumwagika kitu.

"Shemeji, hii siagi?"

Nikakitazama kama mara ya kwanza. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda, meupe kama mshumaa, na vichomozi vimezikwa humo. Kule mtoni nilikuwa nawachimbua kwa pini bila kufikiri, vidole havina hisia, nikidhani ule weupe ni baridi yenyewe. Nilikuwa namrushia trauti punje za nta. Badala ya kuzama nusu, zilikaa juu ya maji kama mbegu za boga.

"Huku mafuta ya nazi tunayaota kwenye moto kwanza ndipo tunajipaka," Tumaini akasema. "Kwenu hayagandi?"

Kwetu yanaganda kidogo kipupwe kikizidi, tunayaweka juani. Nilijichukia sana. Siku mbili nzuri, za mawingu na wadudu, nimezipoteza kwa mapenzi ya mafuta.

Tulijaribu kuwaosha kwa majivu na maji moto. Mafuta yalitoka ila manyoya yakashikamana yakawa kama tambara la kudekia. Nikasema nitafunga wengine kwenye ndoana zile zile. Manyoya? Tumaini akainama, akamdaka simbilisi mmoja wa kijivu, akampakata.

"Chukua, hasikii kitu."

Nikamchana tumboni kwa kitana changu. Yalikuwa manyoya laini kuliko ya sungura, rangi ya majivu, ndiyo rangi ya wale wadudu hasa. Nikafunga pale pale kwenye mwanga wa mlangoni. Uzi kwanza, kisha waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye redio mbovu ya Yohana ili tumbo lizame, kisha manyoya yaliyosokotwa, na mgongoni kishungi cha yale marefu nikakiacha kimesimama. Safari hii mafuta nilipaka kwa ncha ya sindano, mgongoni tu. Tone.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, Yohana alibaki nyuma akifunga ng'ombe aliyekata kamba. Nilianza bila yeye. Kichomozi alitua, tumbo likazama, kishungi kikabaki juu. Akateremka na maji, akapita kwenye jiwe. Hapakuwa na kishindo. Maji yalivimba kidogo tu, kama mtu amepumua chini yake, na kishungi kikatoweka.

Nikainua fimbo. Uzito ule sijui niufananishe na nini. Alikwenda juu, akaja chini, akaruka mara moja nje ya maji nikamwona wote. Nilipiga magoti kwenye tope, nikamvuta mpaka miguuni, nikamshika kwa mikono yote miwili. Mstari wa waridi ubavuni, madoa meusi mpaka mkiani, jicho la dhahabu. Alikuwa baridi kuliko maji. Nilisema "Baba Rehema" kwa sauti, peke yangu kwenye ukungu. Nikaita "Shemeji! Shemeji!" na nilipogeuza kichwa kuita, samaki akapiga mkia mara moja. Uzi ukakatika kwenye jiwe. Mikono yangu ilibaki imeshika hivyo hivyo, mitupu.

Yohana alinikuta nalia. Alitazama maji, akanitazama.

"Umemwona?"

"Nimemshika."

"Ndiyo, shemeji," akasema kwa upole, na kwa upole ule nikajua hajaniamini.

Adhuhuri mvua ikarudi. Kijito kikapanda kikawa rangi ya chai ya maziwa, hakuna mdudu wala kivuli. Nilingoja kitulie, hakikutulia. Kisha Rehema akapiga simu kusema baba sasa anakataa hata uji, nikafunga mzigo.

Kurudi

Safari ya kurudi sina cha kuandika. Basi liliwahi. Niliona kila kilometa.

Baba Rehema alikuwa barazani, amegeuziwa kiti upande wa lango. Amekonda. Alitazama mikono yangu kwanza, kisha mfuko, kisha uso. Nikakaa chini mbele yake.

"Wapo," nikasema. "Nimemshika mmoja, akanitoka."

Akarudisha macho kwenye mikono yangu.

"Wallahi, Baba Rehema. Ana mstari wa waridi hapa ubavuni."

"Nilikuambia mimi," akasema polepole. "Zamani."

"Jicho lake la dhahabu."

"Nilikuambia."

"Hakushtua maji. Yalivimba tu."

"Hilo pia."

Nikatafuta. Ile baridi ya mwili wa samaki, ule mruko, ule uzito, kila nilichokishika na kukiona kwa macho yangu mwenyewe, yeye alikuwa amekwisha kunipa miaka mingi kabla, jioni baada ya jioni, mie nikishona. Sikuwa na neno moja la samaki ambalo si lake.

Akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu. Machozi yalikuwa yanamtoka kwenye jicho la upande unaofanya kazi.

"Umechoka, Mama Rehema. Ahsante kwa kunifariji."

Nikamwambia sijamfariji, haki ya Mungu sijamfariji. Akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto. Rehema akaleta uji, baba yake akafungua kinywa akanywa, kijiko baada ya kijiko, kwa kunihurumia mimi.

"Haya," akasema alipomaliza. "Nisimulie tena. Alivyoruka."